Hangova: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Panado, Supu, Kuzimua na Dripu

Majibu haya ni kwa wanywaji wa Dodoma na mikoa ya jirani, na kwa wale wanaowauguza asubuhi yake. Yanamhusu mtu mzima. Kama mgonjwa yuko mbele yako sasa hivi na hali yake inakutia wasiwasi, anzia kwenye swali la "Nitajuaje kama hii si hangova?" ndipo urudi huku juu.

Nimeamka kichwa kinapasuka na tumbo linavuruga. Nifanye nini sasa hivi?

Jikague kwanza. Unaona vizuri? Unapumua kawaida? Huna homa? Hutapiki damu? Kama yote ni salama, endelea hivi.

Kunywa kikombe kimoja cha maji (mililita 250 hivi) kila baada ya dakika 20. Usibugie jagi zima kwa mkupuo, maana tumbo lililochubuliwa na pombe litarudisha yote. Kama unatapika, achana na maji matupu, tengeneza ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini): pakiti moja ya lita 1 kwenye lita 1 kamili ya maji safi. Kuna wanaopunguza maji ili "ifanye kazi haraka". Chumvi na sukari zikizidi huvuta maji kuingia kwenye utumbo, na unaishia kuharisha juu ya kutapika. Anza na kijiko kimoja cha chakula kila dakika 2 au 3 mpaka tumbo litulie, kisha ongeza. Ukikosa pakiti, weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa.

Tumbo likikubali, kula kitu laini: uji wa uwele au mtama wenye sukari, ndizi mbivu, mkate. Halafu lala tena kama unaweza. Hangova nyingi huisha ndani ya saa 24, uwe umemeza kitu au hukumeza.

Si kukauka maji tu? Mbona nakunywa maji na bado naumwa?

Kukauka maji ni sehemu ndogo ya jambo. Pombe huzuia homoni inayoziambia figo zibakize maji, ndiyo maana ukiwa baa unaenda msalani kila mara. Maji yatamaliza kiu na ukavu wa mdomo. Hayagusi yale mengine.

Ini hubadilisha ethanoli (kilevi chenyewe) kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu kali zaidi ya pombe yenyewe, kisha huigeuza kuwa asetati isiyo na madhara makubwa. Wakati huohuo kinga ya mwili huamka na kutoa kemikali zilezile zinazokufanya ujisikie vibaya ukiwa na mafua, na huko ndiko unakotoka ule uchovu wa mwili mzima na kutotaka kuongea na mtu. Tumbo hutoa asidi zaidi. Ini likishughulika na pombe hupunguza kutengeneza sukari, hivyo asiyekula jioni huamka anatetemeka na kutoka jasho. Na usingizi wa pombe hukatika nusu ya pili ya usiku: ubongo uliokuwa umetulizwa kwa nguvu hurudi juu kupita kiasi, ukashtuka saa 10 alfajiri moyo ukidunda.

Kwa hiyo anayekuuzia kitu kimoja cha "kuondoa hangova" anadai kutibu mambo yote haya kwa mpigo.

Alfajiri nilikuwa mzima. Mbona imenikamata saa 4 asubuhi?

Kwa sababu alfajiri ulikuwa bado umelewa. Hangova huwa kali pale kilevi kwenye damu kinapokaribia sifuri. Hesabu yake ni rahisi.

Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za ethanoli tupu. Bia 6 ni gramu 118 hivi. Ini la mtu mzima huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa, tuchukue 8. Ulianza saa 1 jioni, ukafunga saa 7 usiku. Gramu 118 kugawa kwa 8 ni karibu saa 15. Maana yake pombe ya jana itaisha mwilini saa 4 kasorobo asubuhi, na hapo ndipo hangova inapofika kileleni.

Sasa tazama saa 11 alfajiri, muda ambao wengi wa Dodoma huwasha gari ili wawahi Dar. Ini limeondoa gramu 80, zimebaki 38. Kwa mwanamume wa kilo 70 hizo ni takriban miligramu 80 za kilevi kwa kila mililita 100 za damu, na miligramu 80 ndicho kikomo cha Sheria ya Usalama Barabarani. Mwanamke mwenye uzito uleule atakuwa juu zaidi, kwa kuwa mwili wake una maji kidogo ya kuichanganya pombe. Kahawa, kuoga maji ya baridi na kutafuna bazoka havipunguzi hata gramu moja. Tena hata kipimo kikisoma sifuri, mwenye hangova huchelewa kushtuka na kukanyaga breki. Tangu 2024 kuna treni ya umeme ya kwenda Dar. Asubuhi za namna hii ndizo zake.

Nimeze Panado, Brufen au diklo?

Kwa mtu mwenye ini zima ambaye hanywi kila siku, Panado (parasetamoli) ndiyo yenye nafuu: vidonge 2 vya miligramu 500, usirudie kabla ya saa 6, na usizidishe vidonge 8 ndani ya saa 24. Anayekunywa kila siku, aliyekonda kwa kutokula, au mwenye ugonjwa wa ini asizidishe vidonge 4 kwa siku, na bora amuulize mfamasia kwanza. Pombe ya mfululizo huongeza kimeng'enya kinachogeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu, na wakati huohuo humaliza akiba ambayo ini huitumia kuizima sumu hiyo. Kosa linaloonekana sana ni kuchanganya Panado na dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Mtu anadhani amemeza vidonge 2, kumbe kipimo ni cha 4. Soma nyuma ya pakiti.

Brufen, aspirini na diklofenaki hupunguza maumivu vizuri, lakini huondoa ute unaolinda ukuta wa tumbo, na ukuta wenyewe umeshachubuliwa na pombe. Ukiongeza kwamba hujala na figo zina upungufu wa maji, unatafuta vidonda na damu. Vile vidonge vya mseto vyenye diklofenaki na parasetamoli pamoja hukupa hatari zote mbili kwa bei moja.

"Basi nichome sindano ya diklo, haipiti tumboni." Haipiti, ila inafika. Dawa hii hulidhuru tumbo kupitia kwenye damu, si kwa kuligusa tu, hivyo sindano haikuokoi, na juu yake unaweza kupata jipu mahali ilipochomwa.

Usimeze dawa ya usingizi, Valium wala tramadoli "ili ulale iishe". Zikikutana na pombe iliyobaki hupunguza pumzi.

Supu ya makongoro, maziwa, kahawa, ubuyu: kipi kinafanya kazi?

Supu ni chakula kizuri kwa asubuhi hiyo: ina maji, chumvi na kitu cha moto cha kutuliza tumbo. Usiijaze pilipili kama una kiungulia, na mafuta yakielea juu yachote uyatoe. Ikija na chapati, sukari ya damu itapanda pia. Haiondoi pombe wala asetaldehidi.

Maziwa hutuliza kiungulia kwa muda. Imani kwamba maziwa "hukata sumu" ya gongo ni ya hatari, kwa sababu mtu mwenye sumu ya methanoli (aina ya pombe inayoweza kupofusha na kuua) hukaa nyumbani akinywa maziwa badala ya kupelekwa hospitali.

Kahawa humsaidia aliyeizoea, maana kukosa kahawa nako huleta maumivu ya kichwa. Kikombe kimoja kinatosha. Vinywaji vya kuongeza nguvu huongeza mapigo ya moyo ambayo tayari yako juu.

Juisi ya ubuyu au ukwaju ni maji yenye sukari na ladha inayofanya mtu anywe zaidi, na kwa Dodoma ubuyu hauna gharama. Madafu yana potasiamu, lakini yakifika huku bei yake haina sababu wakati pakiti ya ORS ipo.

Kuzimua je? Bia moja asubuhi naona nakuwa fresh.

Unajisikia vizuri kweli, na sababu yake inaeleweka: unaurudishia ubongo ile dawa ya kutuliza iliyokuwa ikiisha. Hangova haijaondoka, imesogezwa hadi mchana au jioni, ikiwa na gramu 20 zaidi juu yake.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Pombe nyingi huwa na chembe kidogo za methanoli. Ini hushughulikia ethanoli kwanza, methanoli ikisubiri, kisha huigeuza kuwa fomaldehidi na asidi ya fomiki. Ukizimua, unaichelewesha. Kwenye bia ya kiwandani methanoli ni kidogo mno, haidhuru. Kwenye gongo iliyochakachuliwa, ile nafuu ya kuzimua inaficha sumu inayoendelea kusubiri zamu yake, na dalili za macho zinakuja kesho yake.

La kujiuliza: je, unazimua kwa sababu ya raha, au kwa sababu mikono haitulii mpaka unywe? La pili si hangova tena. Tazama swali la kutetemeka hapo chini.

Dripu inatibu hangova? Kuna jamaa anakuja kutundika nyumbani.

Dripu ya kawaida ya lita 1 ni maji yenye gramu 9 za chumvi. Kama unaweza kunywa bila kutapika, utumbo wako utafyonza maji na chumvi hiyohiyo kwa gharama ya pakiti moja ya ORS. Vitamini zinazoifanya iwe ya njano nyingi hutoka kwenye mkojo saa chache baadaye, kwa rangi ileile.

Kwa nini basi watu huinuka wakisema wamepona? Wamelala saa 2 au 3 bila kusumbuliwa, saa ambazo hangova ilikuwa inaisha yenyewe. Mara nyingi pia kuna dawa ya maumivu au ya kuzuia kutapika iliyochomwa kupitia mpira, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi.

Biashara hii si ya kwetu peke yetu. Las Vegas nchini Marekani, tangu 2012 kulikuwa na basi lililogeuzwa kliniki ya dripu za hangova, likiongozwa na daktari wa nusukaputi. Huko angalau kulikuwa na daktari ndani ya basi. Anayetundika dripu kwenye msumari wa ukutani huleta mambo mengine: mshipa kuvimba na kuingia wadudu kwa sindano au mikono michafu, na mapafu kujaa maji kwa mwenye moyo au figo dhaifu asiyejijua.

Kubwa kuliko yote ni dripu ya glukosi kwa mnywaji wa kila siku asiyekula. Mtu huyo mara nyingi hana vitamini B1 (thiamini). Mwili huitumia thiamini kuchoma sukari, kwa hiyo ukimwaga glukosi peke yake unamaliza kile kidogo kilichobaki, na ubongo unaweza kudhurika: macho yanacheza, anayumba, anachanganyikiwa, na kumbukumbu inaweza isirudi. Ndiyo maana kituoni hupewa thiamini kwanza au pamoja na sukari. Ila sukari ikiwa imeshuka sana, haisubirishwi.

Dripu ina mahali pake: aliyetapika siku nzima na hata ORS haikai, asiyekojoa, anayesikia kizunguzungu akisimama, aliyeshuka sukari. Huyo apelekwe zahanati au kituo cha afya, apimwe sukari na presha kwanza.

Kwani hangova ni ugonjwa au siyo? Madaktari wanabishania nini?

Wanabishania mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya.

La kwanza ni la kisheria. Septemba 2019 mahakama ya rufaa ya Frankfurt, Ujerumani, iliamua kwamba hangova ni ugonjwa. Haikuwa huruma kwa walevi, ingawa habari ilitoka siku chache tu baada ya tamasha la bia la Oktoberfest kufunguliwa Munich. Kampuni moja ilikuwa ikiuza unga na vinywaji ikidai vinazuia na kuondoa hangova. Sheria ya Ulaya hairuhusu chakula kunadiwa kwamba kinatibu ugonjwa. Mahakama ikasema hata badiliko dogo na la muda katika hali ya kawaida ya mwili ni ugonjwa, kwa hiyo tangazo lile halikubaliki. Julai 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani nayo iliandikia kampuni 7 barua za onyo kwa hoja inayofanana: ukisema bidhaa yako inatibu hangova, umeiita dawa, na dawa lazima ithibitishwe kwanza. Kwa hapa nyumbani kipimo ni hichohicho. Ukiona kopo linajinadi kutibu hangova, uliza kama limesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama dawa.

La pili ni la tabibu: je, atumie muda na dawa kwa mtu aliyejiletea? Wanaopinga husema ukiondoa maumivu unaondoa breki, mtu atakunywa zaidi. Hoja hii inasikika vizuri kuliko inavyosimama. Watafiti waliowafuatilia wanywaji siku hadi siku nchini Marekani (matokeo yalitoka 2014) waliona kuwa hangova haicheleweshi sana chupa inayofuata. Kila baa ya Dodoma inajua hilo. Na tabibu hutibu mguu wa aliyeanguka kwenye bodaboda akiwa amelewa bila kumuuliza maswali.

Hoja yenye uzito ni nyingine. Jina "hangova" likikubaliwa mlangoni, mgonjwa hupewa panado na dripu, na kilichojificha nyuma yake hakitafutwi. Ndiyo maana tunasema hangova ipokewe hospitalini, lakini iwe jibu la mwisho baada ya mengine kuondolewa, na kuyaondoa huko hakuhitaji zaidi ya kipimo cha sukari, cha presha, cha malaria na maswali mawili matatu.

Naweza kupewa ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi) kwa sababu ya hangova?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Haichagui ugonjwa ulivyoingia. Lakini tabibu huandika anachokiona. Ukitapika na presha imeshuka, ataandika hivyo na kukupumzisha. Ukija na uchovu na harufu, hana wajibu wa kukutungia malaria, na anayefanya hivyo anahatarisha leseni yake. Anayepanda ngazi, anayeendesha mtambo au gari amweleze ukweli. Kumwondoa kwenye mashine siku hiyo ni jambo la usalama kuliko huruma.

Utafiti umepata dawa yoyote?

Hapana. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya majaribio 8 na hayakupata ushahidi wa kuridhisha. Mapitio mapya zaidi, yaliyotoka mwishoni mwa 2021, yalikusanya majaribio 21 yaliyolinganisha dawa na kidonge kisicho na kitu. Machache, likiwemo la dondoo la karafuu, yalionyesha nafuu, lakini ubora wa ushahidi ulikuwa wa chini sana na hakuna dawa iliyojaribiwa mara mbili na watu tofauti. Tena hakuna hata jaribio moja kati ya hayo lililoipima parasetamoli au aspirini, dawa ambazo kila mtu humeza. Kutafuna karafuu za pilau hakulingani na dondoo la maabara.

Divai ya Dodoma inaumiza kichwa kuliko bia. Kweli?

Anza na ujazo. Chupa ya mililita 750 yenye kilevi cha asilimia 12 ina gramu 71, sawa na bia tatu na nusu. Glasi ya mililita 250 iliyojazwa hadi mdomoni ina gramu 24, inaishinda bia nzima. Divai tamu hufunika ukali wa pombe, mtu anakunywa kama juisi. Wengi wanaolaumu zabibu walikunywa tu zaidi ya walivyohesabu.

Baada ya hapo, rangi ina neno. Vinywaji vyenye rangi iliyokolea hubeba mabaki zaidi ya uchachushaji. Jaribio la Marekani la 2010 lililolinganisha wiski aina ya bourbon na vodka kwa kiasi kilekile cha kilevi lilipata hangova kali zaidi kwa bourbon, ingawa utendaji wa akili ulishuka sawasawa kwa wote. Kwa divai nyekundu hasa, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipendekeza 2023 kwamba kiini kiitwacho kwesetini, ambacho zabibu hutengeneza zaidi zikipigwa na jua, kinaweza kuzuia kimeng'enya kinachoondoa asetaldehidi. Hiyo bado ni dhana. Ila kwa mizabibu ya Makutupora na Hombolo, isiyojua kivuli, ni dhana ya kufuatilia.

Kuhusu kuanza na bia kisha divai au kinyume chake: jaribio la Ujerumani lililochapishwa 2019 kwa watu 90 halikuona tofauti. Kilichobashiri ukali wa asubuhi ni jinsi mtu alivyojisikia kulewa na kama alitapika.

Na wanzuki, komoni, pombe ya mtama na gongo?

Wanzuki wa asali, komoni ya mahindi na ujimbi wa Kigogo wa mtama au uwele havichujwi kama bia, na vikiwa kwenye pipa bado vinachachuka. Kopo la saa 6 mchana na la saa 2 usiku kutoka pipa moja huenda yasiwe na nguvu sawa. Kwa hiyo hesabu ya gramu haifanyi kazi kilabuni. Punguza idadi na kula kabla.

Angalia nafaka pia. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi yenye ukungu. Kupika na kuchachusha hakuiondoi sumu hiyo yote. Mahindi yaliyokataliwa kwa ugali yasipelekwe kwenye pombe. Macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa na mkojo ukawa mweusi, hilo ni ini.

Pombe kali za chupa ndogo zilichukua nafasi ya viroba vilivyopigwa marufuku Machi 2017. Chupa ya mililita 200 yenye kilevi cha asilimia 35 ina gramu 55, karibu bia 3, na huisha kwa dakika chache.

Gongo ni haramu, na hakuna kipimo cha nyumbani cha kuithibitisha. Kuiwasha na kutazama rangi ya moto hakuonyeshi kama ina methanoli kidogo iliyochanganywa. Mililita 10 za methanoli tupu zinaweza kupofusha na 30 zinaweza kuua.

Nitajuaje kama hii si hangova?

Mpeleke hospitali bila kusubiri ukiona lolote kati ya haya:

- Kuona ukungu, weupe au giza, hasa saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, pamoja na tumbo kuuma na kupumua haraka. Hiyo ni methanoli mpaka ithibitishwe vingine. Taja kinywaji, nenda na chupa, na wapigie wengine mlionywa nao. Tiba yake ni dawa maalumu au ethanoli inayopimwa kwa damu, na wakati mwingine kusafisha damu kwa mashine, huduma ambayo kwa Dodoma ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa. Usimpe pombe nyumbani kwa kuiga.
- Homa. Hangova haileti homa. Dodoma ina malaria kidogo kuliko mikoa ya kanda ya ziwa, lakini watu husafiri. Apimwe.
- Kutapika damu, au kitu kama machicha ya kahawa, au choo cheusi kama lami.
- Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni: huenda ni kongosho.
- Kichwa kuuma upande mmoja kwa aliyeanguka, au usingizi unaozidi badala ya kupungua. Damu inaweza kuwa inavuja ndani ya fuvu.
- Kuchanganyikiwa au kutoka jasho jingi kwa mgonjwa wa kisukari. Pima sukari hapohapo; kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari.

Natetemeka kila asubuhi mpaka ninywe. Hangova sugu?

Huo ni mwili kuidai pombe. Hangova huja baada ya kunywa sana mara moja. Hii huja kila unapochelewa kunywa. Mtetemeko huanza saa 6 hadi 24 baada ya chupa ya mwisho, kifafa kinaweza kutokea ndani ya saa 48, na kuweweseka kwa kuona vitu visivyokuwepo huja siku ya 2 au ya 3. Hali hiyo huua. Usiache ghafla peke yako nyumbani na usifungiwe chumbani na ndugu wenye nia njema. Nenda hospitali. Mirembe, iliyopo hapahapa Dodoma, imehudumia magonjwa ya akili na ulevi kwa miongo mingi. Utapewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku kwa siku, na thiamini.

Natumia dawa nyingine. Kuna shida?

Flagyl: usinywe pombe ukiitumia na mpaka saa 48 baada ya dozi ya mwisho. Dawa za TB: pombe huongeza mzigo kwenye ini, mweleze mhudumu wako. ARV: usiruke dozi kwa sababu ulikunywa, dozi iliyorukwa ina madhara kuliko kuimeza ukiwa na hangova. Dawa za sukari: usimeze kisha ukalala bila kula.

Naweza kuzuia kabla?

Kula kwanza, ugali na nyama au maharage. Weka glasi ya maji kati ya kinywaji na kinywaji, si kwa sababu maji huzuia hangova bali kwa sababu hukuchelewesha. Amua idadi kabla ya kukaa, na lipa chupa kwa chupa ili bili ikuamshe. Meza Panado asubuhi ukihitaji, si usiku ukiwa umelewa.

Mwenzetu amezima baa, hajitambui. Tumwache alale?

Mwite kwa sauti, mfinye begani. Kama haamki, mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele, mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Usimlaze chali, usimmwagie maji, usimnyweshe kahawa wala maziwa, usimtapishe kwa kidole. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Asipoamka kabisa, au pumzi zikiwa chini ya 8, au pengo kati ya pumzi na pumzi likizidi sekunde 10, au midomo ikiwa ya bluu, mwili wa baridi, au ametikisika kwa kifafa, tafuta gari sasa hivi. Njiani abaki kwa ubavu kwenye kiti cha nyuma, na mtu mmoja asiyelewa akae naye akihesabu. Kama anapumua vizuri na anaitika, bado asiachwe peke yake: chupa aliyomalizia dakika 10 zilizopita bado inaingia kwenye damu, na anaweza kuzama zaidi akiwa amelala.